Kufuli la simu halijui mjane wala mwizi

Wiki hii mmeuliza: je, serikali izilazimishe kampuni za simu na programu za meseji kuiachia njia ya kusoma yaliyofichwa kwa usimbaji, yaani kuvurugwa hadi yasisomeke bila ufunguo? Jibu langu ni hapana. Nalitoa kwa shingo upande kidogo, kwa sababu mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, na kufuli hilo la usimbaji linaninyima pesa kila wiki.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Mtu akisahau namba yake ya siri, nilichomeka waya kwenye kompyuta na picha zake zote zikatoka. Na niseme ukweli, si kila mara niliuliza simu ni ya nani. Mambo yalibadilika polepole, hadi Android 10, toleo la 2019 la mfumo unaoendesha simu nyingi, ilipokuja na sharti kwamba kila simu mpya inayotoka nayo isimbe data ya mwenyewe. Siku hizi simu iliyofungwa naweza kuiflashi tu, yaani kufuta kila kitu na kuipakia mfumo upya. Inawaka vizuri, lakini tupu.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Nyalenda aliniletea simu ya marehemu mumewe. Kioo kizima, chaji inaingia. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "simu yenyewe siitaki. Nataka zile picha, na sauti yake." Nilimweleza huku macho yangu yako kwenye bisibisi. Siku mbili baadaye akaja kijana na simu ya bei, anadai ni yake, ila nilipomuuliza picha iliyoko kwenye skrini ni ya nani akaanza kukohoa. Nayo sikuweza kuifungua. Kufuli ni lile lile.

Wanaotaka njia ya serikali wanasema itakuwa mikononi mwa polisi pekee, kwa amri ya mahakama. Nacheka kidogo. Sisi mafundi wa mtaani tumetumia miaka mingi programu ambazo kampuni zilizitengenezea vituo vyao vya huduma tu. Zilivuja, tukazinakili kwenye flashi, tukapeana kama chumvi. Ufunguo wa kufungua simu za nchi nzima utalindwa na watu walewale wanaokula mishahara na wenye marafiki.

Tena si mafundi wa Kondele tu. Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, mitambo ya kampuni moja ya simu ilikuwa na uwezo wa kunasa mazungumzo kwa ajili ya vyombo vya dola. Wadukuzi wakauingilia kimya kimya, wakasikiliza simu zaidi ya mia, ikiwemo ya waziri mkuu. Huyo ndiye mlango ulijengwa kumlinda! Na Februari 2025 Apple iliacha kuwapa wateja wapya wa Uingereza kinga yake kali zaidi ya data za iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, baada ya habari kutoka kwamba serikali imeidai njia ya kuingia. Raia wakabaki na kufuli dogo.

Najua mtu atauliza kuhusu watekaji nyara na wanaowadhuru watoto. Swali halali, na sina dharau nalo. Lakini polisi hawajafungwa macho. Simu ya kawaida na SMS hazina usimbaji wa mtu hadi mtu, ule ambao hata kampuni ya katikati haiwezi kusoma. Nani kampigia nani, saa ngapi, karibu na mnara upi, yote yako kwa kampuni ya simu, na laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho. Mshukiwa akikamatwa, simu yake pia inakamatwa. Waende kortini wakaombe amri ya simu ya huyo mmoja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na sioni kifungu hicho kitabaki na kazi gani tukishatoboa simu zote kwa sababu ya wachache.

Yule mama alikataa niiflashi. Akaifunga simu kwenye leso, akasema kitinda mimba wake atajaribu tarehe za kuzaliwa za nyumba nzima, moja moja. Nikamwambia wasiharakishe, maana kila wakikosea, simu inawaongezea muda wa kusubiri.