Gari Likikuharibikia Kati ya Arusha na Moshi

Gari likizima njiani, wengi wetu hukimbilia kufungua boneti, ilhali injini inaweza kusubiri na kisichosubiri ni gari linalokuja nyuma. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde, hivyo hata akikuona mapema atakuwa amekukaribia mno kabla mguu wake haujagusa breki.

Kwa hiyo, ukihisi gari linaishiwa nguvu, tumia mwendo uliobaki kutoka kwenye lami kabisa, na ujitahidi usisimame kwenye kona wala kwenye mteremko wa kushukia daraja la Kikafu, ambako lori lenye mzigo halisimamishwi kirahisi. Washa taa za hazadi, uwateremshe abiria kwa mlango wa kushoto, kisha uwapeleke ng'ambo ya mtaro. Wasisimame mbele wala nyuma ya gari, kwa kuwa gari likigongwa husukumwa. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mkanda wa feni ulipokatika karibu na njia panda ya KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, jua likizama, nilimbembeleza sana shangazi yangu ashuke, naye akaona ni utovu wa adabu kumtoa mtu mzima garini na kumkalisha porini. Nilimtandikia kitenge mbali na barabara, akashuka akinung'unika.

Pembetatu ya tahadhari iwekwe mita 50 nyuma au zaidi, na kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona hiyo. Unapokwenda kuiweka, tembea pembeni kabisa mwa barabara, ukiwa umeishika mbele ya kifua ili ing'ae kwa taa za magari. Matawi ya miti tuliyoyazoea husaidia mchana, lakini usiku hayaakisi mwanga, kwa hiyo sioni kama yanaweza kuchukua nafasi ya pembetatu. Mawe ndiyo siyapendi kabisa, maana mwenye gari hutengeneza, huondoka na kuyaacha, na bodaboda huyakuta gizani.

Injini ikiwa imechemka, usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe, kwa sababu maji yaliyo ndani yana shinikizo na huruka usoni yakiwa moto kuliko ya sufuria. Mpigie fundi unayemfahamu, au umwagize bodaboda akuletee fundi kutoka Boma Ng'ombe, huku funguo zikibaki mfukoni mwako. Ukiona hatari, piga 112, namba ya dharura ya polisi.

Kuhusu kuvutwa kwa kamba, kumbuka kwamba injini ikiwa imezimwa, breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, na kamba haiwezi kukuzuia usimgonge anayekuvuta. Kwenye tambarare ya KIA, mchana na kwa mwendo wa polepole, ninakubali kuvutwa. Kuteremka Kikafu kwa kamba ninakataa, hata kama itanibidi nisubiri gari la kubebea magari mabovu hadi usiku.