Mikwaruzo ya buibui kwenye gari jeusi: mashine iache kwanza

Ndugu, umesema kila ukiosha gari lako jeusi nyumbani, jua likipiga unaona vimikwaruzo kama utando wa buibui, na sasa unataka kununua mashine ya kung'arishia. Subiri kwanza. Vimikwaruzo hivyo mara nyingi huletwa na mchanga unaonasa kwenye kitambaa chako.

Egesha kivulini, bodi iwe imepoa. Osha rimu kwanza, kisha mwagia gari lote maji mengi vumbi litoke. Halafu ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila ukimaliza mlango mmoja. Anza juu, shuka chini. Mimi siku ya kwanza nilitumia ndoo moja tu. Nilipoimwaga, chini palibaki mchanga wa kujaa kiganja! Sabuni ya vyombo iache jikoni, inaondoa nta inayolinda rangi. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, lile la nyuzi laini sana, kisha paka nta, kidogo sana.

Kitambaa kikianguka chini, usikirudishe kwenye rangi. Na mkwaruzo unaonasa ukucha ukiupitisha juu yake, mwachie fundi rangi.