Shangazi, mwanangu kavunja TV ya jirani

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Tumepanga Makorora, nyumba ya wapangaji sita, ua mmoja. Alfajiri na jioni nachoma vitumbua barazani, mume wangu anaendesha bodaboda ya mtu na kila siku anapeleka hesabu. Sisi hatuna TV. Jirani yetu wa chumba cha mbele anayo, ya inchi 43, na watoto wote wa nyumba hushinda kwake wakiangalia katuni. Hajawahi kumfukuza hata mmoja.

Wiki iliyopita mwanangu wa kiume, miaka mitatu, alirusha gari lake la bati likapiga kioo. Upande mmoja ukaingia weusi, upande wa pili mistari ya rangi. Jirani alikuwa jikoni, mimi nilikuwa kwenye vitumbua. Mume wangu aliporudi akamchapa mtoto kwa mkanda mbele ya jirani. Mpaka leo mtoto akisikia pikipiki anakimbilia mvunguni mwa kitanda. Jirani anataka TV mpya. Anasema aliinunua shilingi 650,000 miaka mitatu iliyopita, na akiona kimya atakwenda polisi. Fundi mmoja kasema kioo kipya kinakaribia bei ya TV nzima. Mwingine anataka 80,000 azibe ufa kwa gundi maalumu. Wenzangu wananiambia nisilipe, eti yeye ndiye aliyewaita watoto ndani. Nifanyeje?
Mama wa vitumbua, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imejaa TV, lakini mimi nimekwama hapo mvunguni. Nitaanza na huyo mtoto, deni tutalifikia.

Mtoto wa miaka mitatu hajui laki sita na nusu ni nini. Anajua kwamba gari likirushwa linapaa. Na huo mkanda naujua, nimeuona Ngamiani tangu nipate akili: mtoto akiharibu cha watu anachapwa mbele ya mwenye mali, tena kwa nguvu, mpaka mwenye mali aseme "basi, mwacheni." Hapo wazazi wanapumua, wameonekana wameguswa. Mtoto ametolewa kuwa malipo ya kwanza ya deni ambalo wazazi wenyewe hawajajua watalilipaje, na alichoambulia ni kumwogopa baba yake. Naipinga desturi hii kwa moyo wangu wote. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili au kumdhalilisha, na kumpiga mtoto ili watu waone ni kumdhalilisha.

Mwambie mumeo leo jioni azime pikipiki pale kona, aikokote mpaka mlangoni huku akimwita mtoto kwa jina. Ampakate, ale naye sahani moja. Siku nyingine amkalishe juu ya tanki injini ikiwa imezimwa, amwachie apige honi. Aendelee hivyo bila haraka mpaka mtoto akisikia mlio ule atoke mbio kumpokea. Kazi hii ni ya baba mwenyewe, wewe huwezi kumfanyia.

Polisi usiwaogope. Kwa sheria zetu mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Jirani kayasema hayo kwa uchungu, usimrudishie maneno.

Sasa deni, na hapa sikubaliani na hao wenzako hata kidogo. Sisi watu wa mwambao tumelelewa na kisa cha bakuli. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, mke mwingine akamletea chakula kwa mkono wa mtumishi. Mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka likavunjika. Mtume hakumpiga mtu. Aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yenu ameona wivu. Kisha akamzuia mtumishi mpaka likatolewa bakuli zima la mle ndani, likapelekwa kwa yule aliyevunjiwa lake, na lile lililovunjika likabaki palepale lilipovunjikia. Shika kisa hicho, mwanangu, maana hesabu yako yote imo humo.

Jirani yako aliwafungulia mlango watoto wa nyumba nzima. Umeme ni wake, king'amuzi analipia yeye, hakumtoza mtu senti, na wewe ulipata nafasi ya kuchoma vitumbua vyako kwa sababu mtoto alikuwa kwake. Aliyewatendea hisani asitoke na hasara. Lipeni.

Lakini lipeni TV iliyovunjika, si TV mpya. Bakuli lililipwa kwa bakuli. Yake imetumika miaka mitatu, basi wewe na jirani nendeni pamoja kwenye maduka mawili matatu ya TV zilizotumika hapo mjini, muulize bei ya inchi 43 ya aina ile na umri ule. Mkiipata nzima mkaipenda, mnunulieni hiyo. Msipoipata, bei ya kati ya hizo mlizotajiwa ndiyo deni lenu. Nendeni wawili, yeye asikie kwa masikio yake, ukimletea bei wewe peke yako atadhani umeipunguza njiani.

Kabla ya hapo nendeni wewe na mumeo mkae naye, mbebe malipo ya kwanza mkononi, hata yakiwa madogo. Mwambieni mtamaliza lini. Hesabu ya tajiri wa bodaboda haisubiri, kwa hiyo msiahidi kiasi kitakachowashinda baada ya wiki. Kama umo kwenye mchezo wa kupeana pesa, mwombe kijumbe anayeusimamia akusogezee zamu. Andikeni kwenye karatasi kiasi, tarehe na sahihi kila mnapotoa, mbele ya mjumbe wenu. Deni la majirani lisiloandikwa huwa linakua lenyewe kila mkigombania kamba ya kuanikia nguo.

Huyo fundi wa gundi muepuke. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa redio na TV, nimekaa kwenye kibanda chake miaka mingi nikimshikia tochi. TV za kichogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, kioo chake cha mbele kilikuwa kinene, mtoto angeweza kukirushia hata kopo. Hatari yake ilikuwa ndani, maana ilihifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Hizi bapa zina vioo viwili vyembamba sana, katikati yake kuna kimiminika kinachotengeneza picha, na nyuma yake zimepangwa taa. Kikipasuka, kile kimiminika kinahama, ndio weusi ule unaouona unatanda kama wino. Gundi hairudishi kitu pale. Fundi wa kwanza amekwambia kweli: kioo ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya TV, ndiyo maana mafundi wengi hukushauri ununue nyingine. Ichomoeni kwenye soketi, msiubonyeze ule weusi, na kama kuna unyevu umetoka usoni mwa kioo anayeufuta anawe mikono kwa sabuni, watoto wakae mbali.

Na mkishamaliza kulipa, hiyo mbovu ni yenu. Wengi hawalijui hili, wanalipa TV halafu mwenye nayo anauza na spea zake juu. Bodi, pawa saplai, taa, spika, rimoti, vyote hivyo vizima, na fundi anayetengeneza TV za aina hiyo atavinunua. Mkikubaliana na jirani aiuze yeye, bei yake itolewe kwenye deni. Semeni hilo siku ileile ya kwanza, liandikwe.

Mtoto apelekwe kwa jirani, lakini si kushuhudia pesa zikihesabiwa. Mshike mkono, aseme "nisamehe mama," amkabidhi vitumbua viwili vya moto. Atakuwa amejua kwamba kuna mtu alihuzunika. Magari ya bati yabaki uani, huko arushe apendavyo, mtengenezee na mpira wa matambara. TV nyingine ikija, umwombe jirani kwa adabu watoto waingie kwa muda maalumu, mama mmoja akiwa amekaa nao. Kushinda hapana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo. Akiamua kufunga mlango wake, ni haki yake, ingawa nitasikitika. Televisheni ilipoingia Bara mwaka 1994, baada ya wenzetu wa Zanzibar kuwa nayo tangu 1973, mitaa yetu iliiangalia dirishani kwa mwenye nayo, na hakuna aliyeuliza huyu mtoto ni wa nani.

SWALI: Dada, salaam. Mjukuu wangu aliivuta TV kwa waya ikaanguka mkekani, kidogo imwangukie. Kioo hakina ufa, sauti inasikika, picha hakuna. Niitupe?
Babu, Pongwe

JIBU: Kaka yangu, shukuru kwanza kwamba imeangukia mkeka. Kama ilimgonga kichwani hata kidogo, kisha akatapika au akawa na usingizi usio wa kawaida, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

TV usiitupe. Usiku, chumba kikiwa giza, iwashe, halafu weka tochi karibu na kioo, uimulike kwa upande. Ukiona picha hafifu inapita, kioo ni kizima, zilizokufa ni taa za nyuma au umeme wake, na hizo fundi huzibadilisha kwa gharama iliyo mbali sana na ya kioo. Usipoona kitu, mpelekee hivyohivyo aipime bodi na mikanda ya ndani.

Ikirudi, usiiweke tena juu ya stuli. Ifungwe ukutani kama ukuta ni wa tofali na unashika skrubu. Kama ni wa udongo, iweke juu ya meza fupi na pana, uifunge kwa mkanda imara kupitia yale matundu ya skrubu ya nyuma, mkanda wenyewe ushikwe na nguzo ya ukuta. Waya upite nyuma ya meza mahali mkono wa mtoto haufiki. Na juu ya TV pasiwe na rimoti wala biskuti, maana hivyo ndivyo vinavyomfanya apande.