Maswali yenu kuhusu kuwalea volontia (watu wa kujitolea), wanaokuja huku kusini na wanaoenda ng'ambo

Haya jamani, maswali yamekuwa mengi, nimeyafupisha, tuanze.

Mwalimu, Newala: Tuna volontia wa kike toka Uingereza, mwezi wa kwanza alikuwa mchangamfu sana, sasa akitoka darasani anajifungia ndani, hataki kula na sisi, usiku anasema hapati usingizi. Tumemkosea nini?

Mwalimu, mara nyingi hamjamkosea kitu. Hali hii inajulikana siku nyingi, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliielezea tangu 1954, mtu akifika ugenini mwanzoni kila kitu anakiona kizuri, halafu vile vidogo vidogo vya kila siku ndo vinamchosha, kuitwa mzungu mzungu njia nzima, maji ya kubembeleza, kutokuelewa utani wa ofisi ya walimu wakati wote mnacheka. Kwahiyo msimwambie "utazoea tu". Mkae nje jioni, mwombe akusimulie siku yake ya jana toka alipoamka mpaka alipolala, halafu nyamaza, usimkatize, mara nyingi utakuta kinachomuumiza ni kitu kimoja ambacho mnaweza kukirekebisha kesho yake.

Ila kuna swali watu hawaulizi kabisa: anakunywa dawa gani ya kinga ya malaria? Kama ni mefloquine (wengi wanaijua kwa jina la Lariam) inaweza kumletea mtu ndoto za kutisha, kukosa usingizi, wasiwasi mpaka sonona, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa ajili hiyo. Asiiache kienyeji maana malaria huku kwetu si mchezo, apige simu leo kwa daktari wa shirika lake aangaliwe na abadilishiwe, dawa nyingine zipo. Na akianza maneno ya kutamani kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja, mpelekeni hospitali.

Mama mwenye nyumba, Mikindani: Binti ninayeishi naye anatoka na kaptula mpaka barabarani, majirani wananisema mimi. Naona aibu kumwambia, mgeni yule.

Shikamoo mama. Mwambie, tena mwambie wewe kabla hajaambiwa vibaya na vijana wa kijiweni. Mwite chumbani mkiwa wanawake watupu, mfunge kanga mwenyewe kiunoni aone inavyokaa, mwambie ndani ya uwa wetu vaa upendavyo, ukivuka mlango jifunge hii, na sababu mpe wazi kwamba mtaa wetu ni wa Waislamu wengi na wewe mlezi wake ndo unayeulizwa. Usimzunguke kwa mafumbo mama, ukimpa kanga ukanyamaza atajua ni zawadi tu na kesho atatoka vilevile.

Msimamizi wa mradi, Masasi: Mimi ndo bosi wake kazini na hapohapo shirika limenipa kazi ya kumlea. Kila nikimuuliza anajibu "niko sawa". Nifanyeje?

Kaka, hawezi kukwambia, ripoti yake si unaiandika wewe? Hili ndo kosa ninaloliona kila mahali na linaniuma kwakweli, mashirika yanabana bajeti yanamvisha mtu mmoja kofia mbili, matokeo yake volontia anaumia kimya mpaka siku anapanda basi la Dar na hasemi kwaheri. Andika meseji kwa shirika uombe mlezi mwingine asiyehusika na kazi, inaweza kuwa nesi wa zahanati, mwalimu mstaafu, mama wa jirani, mtu anayeaminika ambaye siri ataitunza. Wakutane kila wiki siku ileile, na wewe usiulize walichoongea.

Halafu na wewe tafuta wa kuongea naye. Wenyeji mnachoka pia, mnatafsiri, mnasindikiza, mnalaumiwa pande zote mbili, na sijaona shirika linalowapigia simu kuwauliza nyie mnaendeleaje.

Nachingwea: Volontia wetu anaombwa hela na kila mtu.

Michango ya misiba na harusi achange kiasi kilekile mnachochanga nyie walimu. Mengine yote aseme "nendeni kwa mwenyekiti", na mwenyekiti awe ameshaambiwa.

Kijana, Lindi: Nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja Ujerumani kupitia weltwärts, ule mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana kujitolea. Nijiandae na nini?

Hongera sana mdogo wangu! Mpango huo ulianza 2008 ukiwaleta vijana wao huku, na toka 2013 na sisi tunaenda kwao. Utapewa pa kulala, chakula, bima na posho kidogo ya mfukoni, sio mshahara, kwahiyo kabla hujaondoka kaa kikao na familia, wajomba wawepo, uwaambie kabisa hakuna hela itakayotumwa, usisubiri simu zianze kukukuta huko kwenye baridi. Desemba jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, watu wetu wengi wanasononeka kipindi hicho wakidhani wamerogwa au wamekosea kuja, toka nje mchana hata kama kuna baridi. Na kwa mwaka una siku 25 za semina na volontia wenzako, usikae kimya nyuma kwa heshima kama tulivyozoeshwa shuleni, kule ukinyamaza wanajua huna shida, sema ikiwa bado Novemba, kabla giza la Desemba halijakukuta.