Shahada ya utawala wa umma na kazi ya halmashauri

Ndugu, umeuliza kama shahada ya utawala wa umma inamfaa mtu anayetaka kufanya kazi katika halmashauri za Tanzania. Inafaa sana, na historia yenyewe inathibitisha, kwa maana Chuo Kikuu Mzumbe, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, kilianza mwaka 1953 kama shule ya mafunzo ya serikali za mitaa. Hombolo, mkoani Dodoma, nako kuna chuo mahsusi cha fani hiyo.

Hata hivyo, nakusihi usiishie kwenye nadharia za urasimu. Soma ibara ya 145 na ya 146 za Katiba, zinazohusu serikali za mitaa, kisha Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 kuhusu mamlaka za wilaya, Na. 8 kuhusu za miji na Na. 9 kuhusu fedha, pamoja na marekebisho yake. Nimewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji ambapo mtendaji alisoma mapato na matumizi kwa haraka, na mama mmoja aliyekaa chini ya mwembe akainuka kuuliza mchango wa zahanati umeandikwa kwenye stakabadhi ipi. Mtendaji alifunguafungua daftari bila kupata jibu, na mkutano ukaahirishwa. Kwa hiyo, ukipangiwa mafunzo kwa vitendo, omba kupelekwa kwenye kata au kijiji, ambako utajifunza kuandika muhtasari na kutunza hesabu mbele ya wenye fedha zao.