Mike Martin ndiye mwenye ushindi mwingi, si Garrido

Kocha wa besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani mwenye ushindi mwingi zaidi ni Mike Martin wa Florida State, si Augie Garrido kama wengine wanavyodhani: ushindi 2,029 kwa misimu 40, 1980 hadi 2019, chuo kimoja tu. Garrido, kocha mwenzake, alistaafu 2016 akiwa na 1,975, na Martin akampita Mei 2018. Siri ya Martin ni kutoyumba, maana kila msimu alishinda mechi 40 au zaidi, jambo gumu mno. Ila kwa mataji ya taifa Garrido yuko mbele sana: 5, matatu akiwa chuo cha Fullerton na mawili Texas. Martin alifika mashindano ya mwisho ya ubingwa wa taifa, yanayochezwa mjini Omaha, mara 17 bila kombe hata moja. Kule ukifungwa mechi mbili tu kwenye kundi, umeaga. Rekodi hii ni ya makocha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo.