Tunaalikwa kuimba, hatualikwi kupanga

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni Mtanzania, ninasoma shahada ya uzamili kusini mwa Marekani. Ushirika wa wanafunzi Wakristo hapa chuoni, ambao wengi wao ni Wazungu, umetupokea vizuri sisi Waafrika: hutufuata kwa gari kila Jumapili, hutukaribisha chakula, na kila mwaka hutuomba tuvae vitenge tuimbe kwa Kiswahili. Hata hivyo hatujawahi kuitwa kwenye kikao cha mipango, na wanafunzi Weusi wazaliwa wa hapa, ambao wana ushirika wao, sijaona wakialikwa hata mara moja. Nikilisema hili nitaonekana sina shukrani?

Msomaji wenu, Marekani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtu mwenye shukrani anaruhusiwa kuuliza, na jambo hili lina historia huko huko unakosoma.

Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Mercer, kilichoko Macon katika jimbo la Georgia na wakati huo kikiwa cha Wabaptisti, kilimkubali Sam Oni, kijana wa Ghana aliyeongoka kupitia wamisionari wa Wabaptisti wa Kusini, akawa mwanafunzi Mweusi wa kwanza kupewa nafasi hapo. Kanisa la Vineville likampa ushirika, ila alipokelewa kama Mwafrika, tunda la misheni yao, huku Weusi wa mji huo huo wakiendelea kutazamwa kwa jicho lingine. Mwaka 1966 alipokwenda kuabudu katika kanisa la Tattnall Square, lililokuwa pembeni kabisa mwa chuo, mashemasi walimzuia mlangoni na kumwondoa kwa nguvu. Na siku hiyo hiyo washirika wakapiga kura kumwondoa mchungaji wao, Thomas Holmes, pamoja na wasaidizi wake wawili, waliotaka watu wa rangi zote waruhusiwe kuingia. Sadaka za kupeleka Injili Afrika walikuwa wakitoa, lakini Mwafrika mwenyewe kuketi nao benchi moja hawakuweza.

Wenzako wa leo si watu wa namna hiyo, na si haki kuwabebesha dhambi ya Tattnall. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nanyi bado mnapewa sahani tu. Paulo anawaambia Waefeso kwamba wao si wageni wala wapitaji, bali ni wenyeji pamoja na watakatifu; na mwenyeji hushiriki kupanga ratiba, fedha na mahubiri.

Zungumza na kiongozi wa ushirika faraghani, umwombe jambo mahususi: nafasi katika kamati kabla ratiba ya muhula ujao haijapangwa. Kuhusu wanafunzi Weusi wa hapo, usikimbilie kuwaombea mwaliko ambao pengine hawauhitaji, kwa kuwa makanisa na vikundi vyao vingi vilizaliwa kwa sababu walifukuzwa kwingine, na humo wamejenga ibada wanayoipenda. Nenda wewe kwanza kwenye ushirika wao, usali nao, uwasikilize. Nasema hivi kwa sababu Waafrika wengi tukifika ughaibuni huwakwepa ndugu hao, tena wakati mwingine kwa dharau tuliyoiokota kwa watu wengine. Wakiona vyema kufanya ibada ya pamoja, basi vikundi vyote vikutane tangu kikao cha kwanza, kabla mtu yeyote hajachagua ukumbi wala mhubiri.